Mfano Liko Nyuma ya Stoo

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na Mama Stoo wa karakana ili niandike vipimo vya viti. Alinisainisha mara mbili kana kwamba ananikabidhi funguo za benki. Vipimo vya viti vinne haviwezi kumaliza kurasa mia na ishirini, kwa hiyo kwenye zitakazobaki nitaandika mambo yangu. Akiuliza nitamwambia ni vipimo vya kichwa.

Leo mvua imeanza, na leo gari la Baba limeondoka nyumbani juu ya winchi. Ngoja nieleze vizuri, maana hata mimi nikieleza ndipo naelewa. Karakana yetu inaunda bodi za mabasi, na mimi ni fundi wa viti, mwaka wa kumi na tatu huu. Sasa wakubwa wa ofisi ya juu wameamua tuunde gari dogo la familia, jipya kabisa lakini lenye sura ya zamani: mgongo wa mviringo, taa mbili za mbele zilizotokeza, bampa linalong'aa. Msanifu alikuja na michoro yake, akasema anahitaji gari halisi la enzi hizo la kupimia. Mimi, kwa kiherehere changu, nikasema Baba analo.

Baba alichukua siku tatu kufikiri. Yeye ni fundi bodi mstaafu. Amenyoosha magari ya watu kwa miaka thelathini na tano, na gari lake mwenyewe lina mbonyeo mkubwa kwenye mlango wa abiria ambao hajawahi kuugusa. Mama ndiye aliyeligonga kwenye nguzo ya geti letu, siku alipokuwa anajifunza kuendesha. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na sare ya shule. Mama ametutoka mwaka wa tisa sasa, na mbonyeo upo palepale. Watu wamemtania Baba mpaka wakachoka wenyewe. Mimi siku zote nimeamini ni uvivu tu, ule wa fundi kwa kazi ya nyumbani kwake.

Mkataba unasema watalirudisha mpaka mlangoni maonyesho yakiisha. Baba hakuusoma. Alisema jambo moja tu: "Walirudishe kama lilivyo. Mtu asininyooshee kitu."

Nikamwambia aniachie mimi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimepima viti vya gari la Baba. Chini ya kiti cha nyuma nimekuta kifungo cha sare yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Karakana nzima sasa inaliita gari la Baba "Mfano", kwa sababu ndilo tunaloigia. Nani kaacha bisibisi juu ya Mfano. Sogeza Mfano, tunataka kupita. Mwanzoni wengine walisema "Mfano uko wapi", kama inavyotakiwa darasani, lakini gari ni gari, limeshakuwa na jina kama mtu, na sasa kila mmoja anasema "Mfano liko wapi". Lile jipya bado ni udongo uliofinyangwa juu ya fremu. Kila jioni linafunikwa shuka jeupe ili macho ya nje yasilione, basi tumeliita Bibi Harusi.

Msanifu hapendi. Anasema jina rasmi la hilo jipya ni "gari la mfano". Tukamwambia mfano ni lile la mzee. Akasema hapana, lile ni gari la kuigia tu. Mfano ni hili, kwa sababu ndilo litakaloigwa baadaye kiwandani. Mpiga rangi akamuuliza, sasa kama anayeiga na anayeigwa wote ni mfano, gari lenyewe ni lipi? Msanifu akachomoa penseli sikioni akaanza kutuchorea mishale. Tangu saa nne asubuhi anaitwa Penseli, na mimi niliondoka pale nikiwa sijaelewa mshale hata mmoja.

Alhamisi, 14 Machi

Penseli amechelewa na udongo wa milango. Ameamua achukue kalibu moja kwa moja kwenye milango ya Mfano. Waliing'oa juzi, wakaipaka nta, wakaitandika faiba, na leo milango mipya imetoka ndani ya kalibu. Ule wa abiria umetoka na mbonyeo wa Mama vilevile, hata mkwaruzo mdogo wa pembeni yake.

Tulisimama tukautazama. Niliona aibu, sijui kwa nini, kama mtu aliyeanikiwa nguo zake za ndani kazini. Penseli akapitisha kidole, akacheka, akasema gari jipya haliwezi kuzaliwa na kovu. Mpiga rangi akachanganya puti, akaushindilia mbonyeo mpaka ukajaa, akasugua kwa msasa, na kabla ya chai ya saa kumi palikuwa laini kama sahani.

Nilitaka ile aibu iniishe. Ilipoisha nikamchukia mpiga rangi mpaka saa ya kutoka. Mtu wa watu, hajanikosea chochote.

Jumanne, 19 Machi

Leo nimegundua kwamba Bibi Harusi halina injini. Wala halitakuwa nayo. Magurudumu yanazunguka ukilisukuma, lakini usukani haugeuzi kitu, umechomekwa tu. Mlango unaofunguka ni mmoja, wa dereva. Mingine imegandishwa. Na mimi nimepoteza wiki nzima nikibishana na Mama Stoo anipe sponji ngumu ili viti visibonyee baada ya miaka mitano.

Nilimfuata Penseli nikamuuliza viti hivi vitakaliwa na nani. Akaweka penseli chini, na hapo ndipo nilipojua anaongea kwa moyo wake.

"Fundi, hili si gari la kuendeshwa. Ni gari la kutamanika. Watu wakilitamani vya kutosha, ndipo tutaunda yanayokwenda."

"Na wasipolitamani?"

"Watalitamani," akasema.

Nimekuwa nikimwona huyu kijana ni wa kujisikia, viatu vyake vyeupe mvua yote hii, hagusi grisi. Leo alikuwa kama mtu anayeomba. Nimerudi kwenye cherehani yangu sijui kama nimehurumia mtu au nimedanganywa. Nimeshona kwa sponji ngumu vilevile.

Ijumaa, 22 Machi

Paa linavuja juu ya cherehani. Nimehamia karibu na stoo. Mama Stoo anadai nimemletea unyevu.

Alhamisi, 28 Machi

Baba amekuja karakana, kavaa shati lake la mikono mirefu. Bibi Harusi limeshapakwa rangi, kijani kilekile cha gari letu kabla halijapauka. Baba akalizunguka mara mbili, mikono nyuma. Penseli alimwomba asiguse kwa kuwa rangi ilikuwa mbichi, akamweleza kila mkunjo. Walipofika mlango wa abiria Baba akasimama.

"Huyu mmemwosha uso," akasema.

Penseli akashukuru. Alidhani amesifiwa.

Kisha Baba akatoka kwenye manyunyu mpaka kwa Mfano, ambalo wamelisogeza nyuma ya stoo na kulirudishia milango yake, akaweka kiganja ndani ya mbonyeo kama mtu anayempima mtoto homa. Nikamuuliza kama kuna tatizo. Akasema turubai lao ni jembamba, niwaambie watafute jingine. Nikakimbizana na Mama Stoo mpaka akatoa la bluu, jipya, kwa saini tatu.

Jumanne, 2 Aprili

Baba ameuliza kama turubai linavuja. Halivuji.

Jumatano, 3 Aprili

Ameuliza tena.

Jumamosi, 13 Aprili

Maonyesho. Watu ni wengi kuliko nilivyowahi kuona wakilizunguka gari lolote. Bibi Harusi limekaa juu ya jukwaa linalozunguka polepole, taa zote zikiwaka kwa betri iliyofichwa chini ya kiti changu. Mama mmoja alilia. Mzee mmoja alifunguliwa mlango wa dereva, akakaa, akashika usukani, akagoma kutoka. Mkewe akamwambia, baba watoto, shuka, halina hata injini. Akasema anajua.

Penseli alinishika mkono kwa furaha, akakumbuka mimi ni mkubwa kwake, akauachia na kuniamkia upya. Mkurugenzi amesema yakianza kuundwa nitasimamia idara nzima ya viti. Nimerudi nyumbani nikamweleza Baba. Akauliza maonyesho yanaisha lini.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua kubwa. Ofisi ya juu wanakutana tangu asubuhi. Chai imepelekwa mara nne.

Jumatatu, 22 Aprili

Halitaundwa.

Mkurugenzi ametukusanya akasoma kutoka kwenye karatasi. Watu wamelipenda sana, amesema, lakini wamelipenda kwa sababu linawakumbusha, na mtu anayekumbuka hanunui gari, anapiga picha. Sasa mimi hapo ndipo naachwa. Walitaka gari la kukumbusha. Limekumbusha. Kosa liko wapi? Mpiga rangi aliuliza hivyohivyo akajibiwa kwamba ni suala la soko. Tukirudi kazini tulikuwa tunatazamana kama watu walioshushwa basi kabla ya kituo chao.

Penseli amejifungia ofisini anaandika makaratasi ya kufunga kazi. Nilipopita dirishani nilimwona anaandika, anafuta, anaandika. Kwa upande wangu kuna moja la kunituliza: maonyesho yameisha, gari la Baba litarudi nyumbani.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimeanza kushona viti vya basi la shule. Dereva wa winchi ameniuliza Mfano liko wapi, nikamwambia nyuma ya stoo, chini ya turubai la bluu. Uzi mweusi umekwisha. Nimempigia Baba simu kwamba gari linakuja.

Alhamisi, 25 Aprili

Gari halijafika. Baba amefagia kibanda cha gari na kuondoa matofali yaliyokuwa mahali pa gurudumu la nyuma. Nimemwambia ni mvua, barabara mbovu.

Ijumaa, 26 Aprili

Halijafika. Nimemkuta getini na mwavuli.

Jumamosi, 27 Aprili

Getini. Ameng'oa hata nyasi zilizoota chini ya nguzo. Nimemwambia Jumatatu nitakwenda kuwafokea mwenyewe.

Jumatatu, 29 Aprili

Naandika hapa stoo. Nisipoandika sasa nitaanza kujidanganya jinsi ilivyokuwa.

Nilifika saa mbili nikamuuliza Mama Stoo, winchi limekwama wapi na gari la Baba? Akavaa miwani, akafungua jalada. Akasema gari la mzee halimo kwenye orodha ya yaliyotoka. Lililotoka Jumatano ni gari la mfano. Limekwenda kwa watu wa chuma chakavu, limevunjwa, risiti hii hapa. Nikasikitika kidogo kwa ajili ya Penseli: kumbe Bibi Harusi limeshavunjwa, na hata kuaga hatukuaga. Nikapitia ukumbi wa karakana ili nisinyeshewe, nikielekea nyuma ya stoo kuliangalia gari la Baba.

Bibi Harusi lilikuwa ukumbini. Limekaa, shuka lake jeupe, kimya.

Nilijua, lakini nilikataa kujua. Kisha nikazunguka nyuma ya stoo. Turubai la bluu lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, limewekewa tofali lisipeperuke. Dereva wa winchi ni mtu mstaarabu.

Alikuwa geti la nyuma anakunywa chai. Nilimuuliza Jumatano alibeba nini. Akatoa karatasi mfukoni, imelowa kwenye mikunjo. Imeandikwa: "Gari la mfano lipelekwe likavunjwe kabla ya mwisho wa mwezi." Sahihi ya Penseli. Nilianza kumfokea. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu kingine:

"Dada, si nilikuuliza wewe? Ukanionyesha na kwa kidole."

Nikamwambia hakuniuliza hivyo. Nikarudi kwenye cherehani, nikafungua daftari hili, nikatafuta Jumatano. Ipo. Kati ya viti vya basi na uzi mweusi. Mwandiko wangu mwenyewe.

Nimeandika "Mfano liko wapi". Sasa najiuliza, je, alisema hivyo? Au alisema "gari la mfano liko wapi", na mimi kwa mazoea nikasikia nusu? Yeye mwenyewe hakumbuki. Yeye alikuja kuchukua gari la kuvunjwa, mimi nikamwonyesha gari la kurudishwa, na sote wawili tulisema neno moja. Angesema "uko" badala ya "liko" ningeshtuka. Nimelisoma lile neno mara ishirini. Sina ninachoweza kulifanya.

Penseli alikuja akanikuta. Nilimwonyesha karatasi na daftari, kimoja kando ya kingine. Alisoma vyote viwili, akakaa juu ya tairi bila hata kuangalia kama ni safi.

"Ni mimi niliyeandika," akasema. "Ningeandika tu Bibi Harusi. Nilitaka jina sahihi."

Tulikwenda wote kwa watu wa chuma chakavu, mvua inapiga. Walituonyesha. Ni bonge la mraba, linanifika kiunoni, kijani kilichopauka kikionekana hapa na pale. Nilitafuta mlango wa abiria. Kila kitu kilikuwa kimekunjiwa ndani. Hapakuwa na cha kuokota.

Nimekaa sasa najaribu kupanga maneno ya kumwambia Baba, na kila nikianza najikuta namweleza maana ya neno mfano.

Jumanne, 30 Aprili

Nimemwambia winchi limeharibika.

Alhamisi, 2 Mei

Nimemwambia wanasubiri kipuri cha winchi. Ameshauri waazime jingine.

Jumapili, 5 Mei

Nimemwambia.

Alikuwa anamenya viazi. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho, na sikujificha nyuma ya Penseli wala dereva. Nilisema mimi ndiye niliyelionyesha kwa kidole. Niliendelea kusema mpaka nikawa narudia. Baba alimaliza kiazi alichoshika, akakiweka kwenye maji.

"Na mlango?" akauliza.

Sikuelewa. Gari zima limesagwa, yeye anauliza mlango. Nikamwambia milango ilikuwa imesharudishwa, imekwenda na gari. Akatikisa kichwa polepole, akafuta mikono, akaingia chumbani kwake. Nilimaliza viazi mwenyewe na nikaviunguza.

Angenipigia kelele ningejua nimesimama wapi.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Baba anakula, anajibu salamu, anaangalia dirishani. Hajanilaumu. Sijui kama amenisamehe au bado hajaanza kukasirika.

Jumatano, 8 Mei

Penseli ana wazo. Amesema Bibi Harusi liende kwa Baba. Nikamwambia hilo ni kumpa mtu picha ya marehemu wake. Akasema anajua, lakini likibaki litavunjwa nalo, na hapo hata sura itakuwa imepotea. Nilimtazama vizuri. Viatu vyeupe vimekuwa vya kahawia. Wiki hii yote amekuwa akizunguka ofisi moja hadi nyingine akijaribu kukiri kosa, na kila ofisi inamwambia si yake.

Tukaenda kwa Mama Stoo, nikitarajia saini kumi na mbili. Mama huyu nimemwogopa miaka kumi na mitatu. Alifungua jalada, akalisoma, akavua miwani.

"Gari la mfano limeshavunjwa tarehe ishirini na nne. Risiti ninayo. Siwezi kumruhusu mtu atoe kitu ambacho hakipo."

Nikaanza kuondoka.

"Wala siwezi kumzuia," akaongeza, akafunga jalada, akaanza kuhesabu sabuni.

Ilibidi Penseli anivute mkono ndipo nikaelewa.

Jumamosi, 11 Mei

Limefika. Dereva wa winchi amelileta mwenyewe siku yake ya mapumziko, akakataa hata maji ya kunywa. Alilishusha barabarani kwa sababu ya tope, na kwa kuwa usukani haugeuzi, kila kona tulilazimika kulibeba kwa nyuma, mimi, dereva, Penseli na mpiga rangi, tukiteleza kwenye tope, mpiga rangi akisema ndiyo mara yake ya kwanza kumbeba bibi harusi na mgongo unamuuma hivi. Pale getini tulikaribia kugonga.

"Angalieni nguzo," sauti ikatoka barazani.

Ndiyo maneno marefu zaidi aliyoyasema Baba wiki hii. Tulipolisimamisha kibandani aliwashukuru mmoja mmoja, akamuuliza Penseli kama ana soksi kavu, kisha akaingia ndani. Hakulisogelea.

Jumamosi, 18 Mei

Hajalisogelea. Anapokwenda kuchota maji anazunguka kwa nyuma ya nyumba. Nadhani nimemletea balaa la pili.

Jumatano, 22 Mei

Manyunyu kidogo tu. Viti vya basi la shule vimekwisha.

Jumapili, 26 Mei

Siku ya tatu hakuna mvua. Nilikuwa naanika nguo nikasikia kugonga. Ko, ko, ko. Nikajua ni Baba, maana fundi bodi hagongi kama mgeni. Anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasogea.

Alikuwa kibandani, ameinama kwenye Bibi Harusi. Amegonga bodi ya nyuma, amegonga mlango wa nyuma, sauti nyepesi ya faiba. Alipofika mlango wa abiria sauti ikazama. Akarudia. Akaweka sikio.

"Hapa kuna puti nene," akasema. "Gari jipya, halijagongwa, linawekewa puti ya nini?"

Mimi na akili yangu yote nilisimama na shuka lililolowa mikononi. Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu. Nikaacha shuka likaanguka, nikakimbilia ndani kuleta daftari, nikamsomea tarehe kumi na nne Machi, pamoja na ile aibu na nguo za ndani, sikuruka kitu. Nilipofika kwenye mkwaruzo mdogo wa pembeni nikamwonyesha mstari wenyewe kwa kidole.

Baba alisema niisome tena. Nikaisoma.

Kisha akaenda kutafuta msasa. Nilitaka kusaidia akanipa ndoo nishike. Alianza katikati, akisugua kwa duara, anamwagia maji, anasugua. Rangi ya kijani ikatoka, puti ya kijivu ikaanza kuteremka na maji mpaka miguuni petu. Ilichukua asubuhi nzima. Kwanza lilitokea dimbwi dogo, likapanuka, ukingo ukajichora, na mwisho mkwaruzo ukaonekana pembeni, mwembamba, mahali pake. Baba akaingiza kiganja. Kikaenea.

Nililia, na sikujisumbua kugeuka.

Hapo ndipo aliponiambia. Siku ile Mama alipogonga nguzo, alishuka akatazama mlango, akamwambia Baba asithubutu kuunyoosha. Auache mpaka apate leseni. Siku hiyo atakayoipata, ndipo Baba achukue nyundo, na Mama atasimama pale kumwangalia. Alijaribu mtihani mara mbili. Kisha akaanza kuumwa.

"Kwa hiyo nikawa nasubiri," Baba akasema. "Nasubiri nini, sijui. Lakini kazi ilikuwa bado haijafutwa."

Miaka yote hiyo nimemwita mvivu moyoni mwangu. Nimemwomba radhi kwa hilo pia. Akasema alijua, na kwamba nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilimwita hivyo kwa mdomo.

Akachukua nyundo yake ya zamani kutoka kwenye ndoano. Nikafikiri anaunyoosha. Aliupima mbonyeo kwa nyundo bila kugusa, kama alivyokuwa akifanya kazini. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua tu, halafu kwa tumbo, mpaka akashika paa la gari.

"Hii ni faiba. Haipigwi nyundo, itapasuka. Hata mama yako angekuja na leseni tatu mkononi, huu hanyooshi mtu."

Akairudisha nyundo kwenye ndoano.

Mlango wa abiria haufunguki, kwa hiyo aliingia kwa upande wa dereva, akajivuta juu ya viti vyangu mpaka akakaa upande wa mbonyeo. Sponji ngumu haikubonyea. Akaniita nipande. Nikamkumbusha kwamba mimi leseni sina, na gari injini halina. Akasema basi hapatakuwa na haraka. Nimekaa naye humo mpaka chai yetu ikapoa barazani, mikono yangu kwenye usukani usiogeuza kitu, yeye akinieleza hatua kwa hatua jinsi ya kurudi nyuma bila kugonga nguzo.